Viatu Nilivyompelekea Baba Mlimani

Harufu ya viatu vya kuazima haifanani na harufu nyingine yoyote. Mimi nimenusa mengi. Nimebeba magunia ya iliki na pilipili manga pale Al Ras, soko la viungo la Dubai, mpaka jasho langu likanuka pilau. Nimelala chumba kimoja na wanaume kumi na wawili, soksi zote zimeanikwa dirisha moja. Nimefika pia siku ya kununua manukato ambayo chupa yake ni ndogo kuliko kidole gumba. Lakini kiatu kilichovaliwa na miguu ya watu mia, kikalowa, kikakauka nusu, kikavaliwa tena, hicho ndicho kilichonitoa mbio mwanamume mzima, mbele ya mke wangu na watoto.

Ilikuwa kwenye lile duka kubwa lenye mlima wa theluji ndani. Mwanangu wa kiume alikuwa ametimiza miaka kumi na moja na alitaka theluji, hakutaka keki. Huyu kazaliwa hapa hapa, tunakaa Jumeirah Village Circle, baridi anayoijua ni ya kiyoyozi. Nje jua linachoma kisigino, ndani watu wamejifunga makoti kama marobota. Kijana mmoja wa Uganda alikuwa anagawa viatu dirishani. "Sir, size gani? Yalla, sir, watu wanangoja nyuma." Mwanangu akaingiza mguu, akakunja uso.

"Baba, vinabana. Na ndani vimelowa."

Ile harufu ikapanda. Nikamwambia mke wangu nakwenda kupokea simu ya biashara. Hakukuwa na simu. Nikapanda ngazi za umeme, nikashuka, nikapanda tena, nikazunguka ghorofa zote kama mtu aliyepoteza pasipoti. Niliporudi, mke wangu akaniambia, "Mtoto ameanguka mara nne, na ya tano akasimama mwenyewe. Hukumwona."

Wanaonijua wanajua sikai. Vijana wangu wa dukani wananiita Feni. "Feni haijazimwa leo," anasema Mkenya wangu wa stoo akiniona nazunguka marobota ambayo nimeshayahesabu. Ni kweli, na kuzunguka huko ndiko kulikonifikisha hapa. Nilishuka Dubai na begi moja na kafeel, yaani mdhamini wa viza, aliyenisahau wiki ya kwanza. Nikasukuma mkokoteni kwenye vichochoro vya Al Ras, na leo makontena yanaondoka bandarini kwa jina langu, kwenda Dar na Mombasa. Watu wenye digrii wananiandikia barua za kuomba kazi, nami natia sahihi kwa mwandiko wa darasa la sita. Najisifu, ndiyo. Aliyepanda kutoka chini kabisa ana haki ya kutaja ngazi alizozipanda. Ila iko ngazi moja ambayo siku zote nimeiruka, na tangu siku ile ya viatu vya kuazima haitaki kuniacha. Basi niiandike, nanyi wa rika langu mniambie kama mnaijua hali hii.

Baba alikuwa mgumu. Vitabu vinasema mpagazi, lakini sisi tuliozaliwa chini ya Mlima Kilimanjaro, mtu anayebeba mizigo ya wageni kwenda juu tunamwita mgumu, na jina linatosha kueleza kazi. Alikuwa akitoweka siku tano, sita, halafu anarudi midomo imepasuka, uso umebabuka, macho mekundu, nasi watoto tunamnusa kabla hatujamsalimia. Alinuka moshi, mafuta ya taa na kitu kingine kisicho na jina ambacho niliamini ni harufu ya juu. Miaka mingi alipanda na viatu vya kukodi, kila mara vya mtu mwingine. Kisha mgeni mmoja mnene, aliyebebwa mgongoni kushuka, akamvulia vyake kwa shukrani. Vya ngozi nzito, vyenye ndoano za kufungia kamba, soli yenye meno kama reki. Baba alivipaka mafuta ya ng'ombe kila Jumapili baada ya ibada. Kijijini kwetu hakukuwa na jozi nyingine kama ile, na mimi nikaona si haki jozi kama ile ikae chini ya kitanda.

Jumamosi moja, baba akiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, nikavichukua. Nikajaza majani makavu ya mgomba kwenye ncha nikaenda navyo sokoni. Enhe! Nilitembea pale kama diwani. Wenzangu wakanifuata. Nikawaambia hivi haviingizi maji, mmoja akasema mwongo, basi nikaingia kwenye mfereji wa maji ya mashambani kuwaonyesha. Chini havikuingiza. Juu viliingiza, maana mfereji ulikuwa wa kimo cha goti. Nikarudi nyumbani vinalia kwachu, kwachu. Nikavipandisha darini, juu ya jiko, tunakokausha kuni, nikavificha nyuma ya mafungu ili moshi uvikaushe kabla baba hajavihitaji. Safari yake nyingine ilikuwa bado wiki mbili.

Jumatatu asubuhi, tuko kwenye chai, mtu akapiga hodi. Wagumu wawili hawakutokea kwenye geti la kupandia mlima, mizigo iko chini, wageni wanaangalia saa, Baba Aneti aje sasa hivi au nafasi inakwenda kwa mwingine. Aneti ni dada yangu mkubwa. Baba akaruka.

"Mama Aneti, viatu vyangu?"

"Si uliviweka chini ya kitanda?"

"Chini ya kitanda kuna kuku anaatamia."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kando ya jiko, kikombe mkononi, viatu viko juu ya kichwa changu sawasawa. Walipindua magunia, walifungua sanduku la mama la kanisani, walimwamsha kuku. Na hapo tone moja la maji likachuruzika kutoka darini, likaanguka kwenye jiwe la moto. Tsss. Nikakohoa. Likaanguka la pili, nikakohoa tena.

"Wewe una kifua?" mama akauliza.

"Moshi tu, mama."

Niliogopa fimbo, sikatai. Lakini lilikuwapo pia jambo jingine kichwani mwangu, na nalisema kwa sababu ndilo lililonidanganya. Nilidhani bila viatu hataenda. Nilijua mtu akikosa kitu cha kazi, kazi inaahirishwa, kama sisi shuleni tulivyokosa chaki tukaimba mpaka saa sita. Sikujua kwamba mtu mzima akikosa, anakwenda hivyo hivyo. Baba akachukua raba zake za shambani, zile za turubai, ya kushoto imetoboka kwenye kidole kidogo, akazifunga kwa kamba ya mkonge, akatoka anakimbia.

Kesho yake mchana mawingu yakapasuka. Ilikuwa mwisho wa baridi, wakati ambapo mlima huwa umeanza kuvua weupe wake, lakini mwaka ule baridi ilikataa kuondoka. Mama alikuwa anamenya ndizi uani. Akainua uso, akauangalia mlima muda mrefu.

"Leo umevaa mpaka kiunoni," akasema. Akaendelea kumenya. "Na yeye na zile raba zake."

Hakunitazama. Hakuwa ananiambia mimi. Lakini kuanzia dakika ile sikuweza kukaa. Nilikata majani ya ng'ombe yasiyohitajika, nikachota maji wakati mapipa yamejaa, nikafagia uwanja mara mbili. Mama akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Asubuhi iliyofuata nikasema nakwenda kukata majani. Nikashusha viatu darini, vimekauka vikawa vigumu kama mbao, nikavifunga kamba nikavining'iniza shingoni. Mpakani mwa shamba letu na la jirani kuna sale zimepandwa. Nikakata jani moja. Kwetu ukimkosea mtu kosa zito, jani la sale hupelekwa kwake kuomba msamaha, na sale halikataliwi. Niliwahi kuona ndugu wawili waliotaka kukatana mapanga kwa sababu ya kihamba, shamba la migomba la ukoo, sale likaletwa, jioni wakanywa mbege kata moja. Basi nikajua nina dawa. Nikalichomeka ndani ya kiatu cha kulia, nikashika njia ya wanawake wa kukata majani, ile inayoingia msituni pembeni ya geti.

Msitu ule siku nyingine ningeusifia. Miti imevaa ndevu za kijani, mbega wanaruka na mikia yao mirefu myeupe, maji yanadondoka hata kama hakuna mvua. Mimi sikuona kitu. Nilipanda nikihesabu hatua, nikifika mia naanza upya. Jioni nikafika kwenye vibanda vya kwanza, na huko nikawakuta wagumu wa msafara mwingine wanaopanda, wanaota moto.

"Dogo, umetokea wapi?"

"Nimetumwa. Nampelekea baba viatu."

Uongo huo ulinitoka umenyooka, na kwa kuwa ulikuwa na maana, wakauamini.

"Baba yako nani?"

"Baba Aneti."

"Yule aliyepanda na raba?" akacheka mmoja mrefu, wenzake wakimwita Gaspa. "Nilimwona getini. Nikamwambia, mgumu, mechi ni saa ngapi?"

Wote wakacheka. Nami nikacheka. Nawaambia ukweli, nilicheka pamoja nao, nikapewa ugali na nafasi ya kulala karibu na jiko.

Kulipokucha tukaondoka wote. Gaspa alibeba kapu la vyombo kichwani, akipiga mluzi. Miti ikafupika, ikawa vichaka, vichaka vikawa nyasi ngumu. Kisha tukatokea penye ile mimea mikubwa yenye vichwa kama kabichi, na juu ya kila kabichi kulikuwa na kofia nyeupe.

Nilijua theluji tangu nazaliwa, lakini kwa mbali, kama mnavyojua mwezi. Nilidhani ni laini kama pamba. Nilipoikanyaga kwa kandambili zangu ikanikata, ikalia chini ya mguu kama ng'ombe anayetafuna mabua makavu. Nikaionja, haikuwa na ladha. Jua lilitoka na kila kitu kikawa mwanga, mwanga chini na mwanga juu, nikatembea nimefumba jicho moja. Njia yenyewe haikuonekana. Ilikuwa mstari tu wa mashimo ya miguu ya waliotangulia, na pembeni ya mashimo maji yalikuwa yameganda kama kioo.

"Vaa hivyo viatu, dogo," Gaspa akasema. "Kandambili na theluji hawajuani."

"Si vyangu."

"Nani kauliza ni vya nani? Vaa."

"Vya baba. Sivai."

Nilikuwa nimeapa sitaviingizia tena mguu wangu, na mtoto akiapa ni mbaya kuliko mzee. Mwanzoni miguu iliniuma mpaka machozi. Kisha maumivu yakaondoka ghafla, nikafurahi, nikapaza sauti, "Sisikii tena baridi!"

Gaspa akasimama. Akashusha kapu lake, kitu ambacho mgumu hafanyi njiani bila sababu. Akanikalisha juu ya jiwe, akanisugua miguu kwa viganja mpaka maumivu yakarudi, akanifunga mifuko miwili ya nailoni na kamba. "Ukiacha kusikia ndiyo ubaya wenyewe," akasema. "Baba yako hajakufundisha?"

Nikaanza kutembea mbele yake. Nikawa karibu kukimbia. Kwa sababu baba alikuwa huko juu kwa siku mbili, na hakuna aliyekuwa anamsugua.

Tulifika vibanda vya pili mchana. Jiko la wagumu lilikuwa la mbao nyeusi kwa masizi, moshi umejaa mpaka mlangoni. Baba alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, miguu ameifunga vipande vya blanketi na gunia. Kule vibanda vya tatu hakuna maji. Wagumu hubeba maji ya kunywa na kupikia kutoka huku chini, wakivuka uwanda mrefu wa wazi usio na hata kichaka. Alikuwa amevuka siku moja kabla, na ndoo, na raba, theluji ikiwa kifundoni, akarudi.

Aliponiona alisimama, akashika ukuta.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, baba. Shikamoo."

"Mama yako?"

"Mzima."

"Aneti?"

"Mzima, baba."

"Sasa nani amekutuma huku?"

Gaspa alikuwa nyuma yangu. "Si umetumwa, dogo? Sema."

Wagumu kumi hivi walinitazama. Nikavua viatu shingoni nikaviweka chini. Nikachomoa sale, nikalinyoosha kwa baba kwa mkono wa kulia.

"Sikutumwa," nikasema.

Kabla baba hajafungua mdomo, mkono wangu ukapigwa kofi. Alikuwa mpishi, Mzee Eliakimu, wote walimwita Meku kwa heshima ya umri wake. "Toa mkono!" akafoka. "Nani kakulea? Sale haliletwi na mkosaji mwenyewe. Litaletwaje na mkosaji? Unataka kumlazimisha mtu usoni pake?"

Akaniburuta nje, nyuma ya jiko, kwenye theluji iliyomwagiwa maji ya vyombo. Akashika sufuria akawa anaikwangua huku ananisikiliza. Nikamweleza yote, soko, mfereji, dari.

"Ulimsikia anavitafuta?"

"Nilimsikia."

"Ulikuwa wapi?"

"Chini yake. Chini ya viatu."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, Meku."

"Basi hilo ndilo kosa. Viatu ni viatu." Akaweka sufuria chini. "Kaa hapa. Usiingie mpaka uitwe, hata ukiganda."

Akavua aproni yake ya masizi, akafuta mikono kwenye suruali, akalishika lile jani lililonyauka kwa mikono miwili, akapiga hodi kwenye mlango wa jiko alimopika asubuhi hiyo hiyo. Mimi nikabandika sikio kwenye mbao.

"Baba Aneti, nimesimama mlangoni kwako."

"Meku, hapa si kwangu," sauti ya baba ilisikika imechoka. "Ni jikoni kwa wageni."

"Ulipoketi ndipo kwako. Nimekuja na mkono mtupu, ila nina jani. Yuko mtu nje amekukosea, hana uso wa kuingia. Mimi ni mzee, uso wangu umeshazeeka, nimemwazima."

Hakuna aliyecheka.

"Ni viatu?" baba akauliza.

"Ni viatu, na ni kunyamaza. Alikusikia unatafuta."

Hapo palikuwa na kimya ambacho mpaka leo, katika biashara zangu zote, na nimekaa mbele ya arbab, bosi wa Kiarabu ambaye neno lake moja lingenifukuza nchi, sijawahi kusikia kingine kizito kama kile. Nilikanyaga kanyaga pale nje, mguu huu, mguu huu.

"Mwambie aingie," baba akasema. "Atakufa na baridi huko."

"Hilo si jibu la sale, Baba Aneti."

Kuni zikapasuka motoni. Mtu akakohoa.

"Nimepokea," baba akasema.

Nikaitwa. Baba alikuwa amechomeka sale ndani ya shati. Hakunipiga, hakunigusa, akaanza tu kufungua blanketi miguuni ili avae viatu vyake. Na hapo nikaviona vidole. Miguu yote ilikuwa imevimba na kuiva, lakini vidole vitatu vya kushoto vilikuwa vyeupe. Vyeupe kabisa, kama mshumaa.

Mimi nikafurahi. Mnisamehe, ndivyo ilivyokuwa. Akili yangu iliunganisha mambo kwa kasi: wazungu wanaupenda mlima, mlima ni mweupe, kumbe mtu akikaa sana juu anabadilika, na baba yangu ameanza. Nikasema kwa sauti, "Baba! Unageuka mzungu!"

Jiko zima likapasuka kwa kicheko. Gaspa alikaa chini kabisa. Hata baba akacheka, meno nje, akapangusa macho. "Nikimaliza kugeuka," akawaambia, "nyie mbwa mtanibebea mizigo mpaka juu, na nitalalamika chai ni ya baridi."

Meku peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama anavitazama vile vidole, akavibonyeza kwa ncha ya kijiko, na baba hakushtuka.

Viatu havikuingia. Alijaribu cha kulia, akajaribu kwa kulegeza kamba zote, akajaribu amesimama, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Nilivipandisha siku mbili na havikuingia. Wakati huo kiongozi wa msafara, mtu mwenye filimbi shingoni, akaingia kufuata kelele. Akaniona.

"Mtoto? Wageni wakimwona tutasema nini?" Akaangalia miguu ya baba. "Baba Aneti, utashuka naye leo."

"Mkuu, niache nimalize safari hii tu."

"Kwa miguu hiyo? Shuka."

Tukashuka. Mlangoni baba alisukuma viatu kwa fimbo mpaka mbele yangu.

"Vaa."

"Vya kwako, baba. Niliapa..."

"Nimesema vaa."

Meku akanijazia nyasi kavu ndani. Basi nikashuka theluji ile nimevaa viatu vya baba vya ngozi, vikavu, vyenye joto la jiko, na baba ametangulia na magunia miguuni, anapasua njia kwa fimbo, ananiambia nikanyage alipokanyaga. Mashimo yake yalikuwa makubwa ya duara, hayana vidole wala soli. Yangu ndani yake yalikuwa na meno ya reki, ukubwa wa mtu mzima. Niligeuka nyuma mara moja nikayatazama. Mtu angeyakuta angesema hapa amepita tembo, na mwanamume amemfuata.

Theluji ikaisha, udongo ukaonekana. Ndipo akauliza bila kugeuka, "Siku ile sokoni, walisemaje walipokuona navyo?"

"Walisema natembea kama diwani."

Mabega yake yakatikisika. Sikujua anacheka au ni maumivu, na sikuthubutu kumpita nikamwangalie usoni.

Vidole vyenyewe vilikuja kuwa vyeusi, hospitali wakavikata vitatu. Mgumu bila vidole vya mguu hana mizani kwenye mteremko, hivyo hakupanda tena. Mwaka uliofuata nikaacha shule, nikaanza kubeba ndizi za watu kwenda sokoni, na huko ndiko nilikojifunza mzigo, na mzigo ndio ulionileta Dubai. Watu husema nilijiinua mwenyewe, nami huwaacha waseme. Tulipomzika baba mwaka jana, wazee walisimama mmoja mmoja wakasimulia jinsi mwanawe mdogo alivyomfuata mpaka kwenye theluji ampelekee viatu. Walinipigia makofi kaburini. Nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Hadithi hiyo waliipata kwake. Jioni tuliyofika nyumbani majirani walikuwa wameshajaa, maana nilikuwa nimetafutwa siku tatu, mpaka kwenye mifereji. Baba alikalishwa kitini, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu yenye majani ya dawa. Mama alikuwa amechinja jogoo bila kujua anachinja kwa furaha au kwa msiba. Alipopakua, akauliza mbele ya wote alichokuwa anajiuliza tangu Jumatatu.

"Lakini viatu vilikuwa wapi, Baba Aneti?"

Nikakamata ukingo wa kigoda.

"Nilivisahau mwenyewe," baba akasema. "Niliviweka darini vikauke, halafu nikasahau. Uzee huo. Huyu ndiye aliyekumbuka." Akanionyesha kwa kidevu. "Amenifuata peke yake. Firigisi yangu mpeni yeye."

Watu wakapiga vigelegele. Mnajua firigisi ni ya nani katika nyumba. Sikuwahi kuonja, nilikuwa naisikia tu. Ikawekwa kwenye kiganja changu, ya moto, nikaitia mdomoni kwa sababu wote walikuwa wananitazama, nikatafuna, ikakataa kumezeka, nikatafuna. Mama naye alisimama na mwiko wake ananiangalia. Baba hajawahi kupanda darini maishani mwake. Kupanga kuni kule ni kazi ya mama na yangu.

Mama alingoja watu waanze kula, akachutama akaitoa miguu ya baba kwenye maji, akaikausha kwa kanga yake, mmoja, kisha wa pili ambao aliukausha polepole zaidi. Kisha akanipa beseni.

"Kamwage."

Kwetu maji hayatupwi hovyo, yanamwagwa kwenye shina la mgomba. Nikatoka nalo likiwa bado na mvuke. Nikafika mgomba wa kwanza, nikainama, nikashindwa. Nikaenda wa pili. Ndani walikuwa wanacheka, baba anawaeleza kuhusu mzungu. Nikazunguka kihamba chote, mgomba hadi mgomba, beseni kifuani, mpaka maji yakapoa mikononi mwangu.